Lubisi ya Jumatatu: kilabu cha Bibi Bunazi wakati wa vita vya Kagera

Mjukuu wa Kilabuni

Wakuu, heshima kwenu. Uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mwezi uliopita tulimzika Bibi yangu mzaa mama, kule Bunazi, Missenyi. Tulipoanua matanga nikakabidhiwa sanduku lake la bati nilipange, maana mimi ndiye mjukuu nisiye na watoto wa kukimbilia (maneno ya Mjomba hayo, si yangu). Ndani nikakuta vitenge vitatu ambavyo havijawahi kuvaliwa, kadi ya TANU, kadi ya CCM, rozari, na daftari la shule, yale ya zamani yenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Nikadhani la mama yangu akiwa darasani. Kumbe ni daftari la madeni ya kilabu, la mwaka 1978 na 1979.

Halina jina hata moja la mtu. Wanajeshi walikuwa wanapita tu, Bibi hakuwajua majina, basi akawaandika kwa alivyowaona. Yote kwa penseli. Nawawekea ukurasa mmoja:

Mrefu wa Tarime – | | | | | | |
Meno – | | |
Yule wa redio – | | | |
Mwalimu – | |
Mzanzibari (chai) – | |
Wawili wa ndala – | | | | |
Kijana anayelia – |

Mstari mmoja kikombe kimoja. Wengine wamekatwa, maana yake walilipa. Wengi hawajakatwa. Huyo wa mwisho hajakatwa, na karatasi pale alipo imetoboka kidogo, nahisi mende.

Nimekaa na hilo daftari wiki nzima, nikaona nililete hapa. Wenye wazazi waliouza pombe kipindi kile, au walioinywa, karibuni. Naendelea hapo chini.

Nshomile wa Buza

Naweka kambi hapa. Uzi wa pombe na vita, halafu unaletwa na Mhaya, leo halali mtu.

Mjukuu wa Kilabuni

Kwa wasiopajua, Bunazi ipo ng'ambo ya kaskazini ya Mto Kagera, barabara ya kwenda Mutukula, mpakani na Uganda. Leo ni Wilaya ya Missenyi, zamani hizo ilikuwa Bukoba Vijijini, na mkoa ulikuwa unaitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera tumelipata vita ilipokwisha. Kilabu kilikuwa cha Babu kwa leseni, cha Bibi kwa kazi. Banda la nyasi, mabenchi ya mti, na nyuma yake shamba la migomba. Wateja walikuwa vibarua wa kiwanda cha sukari, wachunga ng'ombe wa ranchi, wauza kahawa, na watu wa upande wa Uganda ambao kwetu hawakuwa wageni. Shangazi zake Bibi wawili waliolewa kule. Mpaka ulikuwa wa serikali, harusi zilikuwa zetu.

Sasa niwaeleze lubisi, kwa sababu bila kuielewa hamtaelewa kilichotokea. Ndizi zake si hizi za kupika, zinaitwa embire. Zinakatwa zikishakomaa, zinafukiwa kwenye shimo lililopashwa moto, zinafunikwa majani ya mgomba, siku tano sita zimeiva. Zinamenywa, zinatiwa kwenye mtumbwi wa mti (ndiyo, mtumbwi kabisa, gogo lililochongwa), zinachanganywa na nyasi, wanaume wanazikanyaga kwa miguu mpaka juisi inatoka. Unachuja, unaongeza maji, unatia unga wa mtama uliokaangwa, unafunika. Kesho yake asubuhi inachemka yenyewe bila moto, ukiweka sikio unaisikia. Siku hiyo ni tamu. Siku ya pili ni kali. Siku ya tatu ni siki, wape nguruwe.

Yaani ni pombe isiyosubiri mtu. Huwezi kuifungia stoo, wala kuibeba kichwani kilometa 50 ukafika nayo ikiwa pombe.

Jumapili tarehe 29 Oktoba 1978, baada ya misa, Babu na vijana wake walikanyaga mtumbwi mzima. Jumatatu tarehe 30 asubuhi lubisi ikawa tayari. Na Jumatatu hiyo ndiyo jeshi la Iddi Amin, rais wa Uganda, liliingia.

Sangara Mkavu

Endelea mkuu, tumekaa mkao wa kula.

Mimi wa Mwanza. Mama alikuwa na grosari karibu na Mto Mirongo, nakuja nayo ukimaliza.

Mjukuu wa Kilabuni

Milio ilikuwa imeanza wiki kadhaa nyuma. Ndege zilishapita kupiga Bukoba mwezi huohuo, na wazee wakawa wanasema ni kama ile ya 1972, zitapiga mara moja ziondoke. Ndiyo maana watu waliendelea kukanyaga pombe. Nilimuuliza Bibi mara moja nikiwa mdogo, "Mlijua vita inakuja, kwa nini mkapika?" Akaniambia, "Embire zilikuwa zimeiva. Ungezifanyaje?"

Jumatatu hiyo mizinga haikuwa ya kupita. Askari wetu wachache waliokuwa mpakani wakawa wanarudi nyuma, na barabara ikajaa watu, ng'ombe, baiskeli zenye magodoro. Familia yangu ikaondoka mchana huo kwenda kuvuka daraja la Kyaka.

Sasa hapa ndipo penye ugomvi wa ukoo wetu tangu nizaliwe: ule mtumbwi uliojaa lubisi, ulifanywaje?

Bibi alisimulia hivi. Babu alisimama mbele ya mtumbwi, akasema wanajeshi wa Amin hawatakunywa jasho lake, akaupindua peke yake. Lubisi ikatiririka mpaka kwenye migomba. Alisimulia hivyo kila Pasaka, akionyesha kwa mikono.

Mjomba wangu mkubwa anasema hapana. Babu hakuupindua, alitia dawa ya kunyunyizia kahawa, akaufunika vizuri na majani, akaweka na vikombe juu. Na askari wa Amin walikufa "kama kuku", ndivyo anavyosema, wakiwa wameshika vikombe.

Babu mwenyewe alifariki 1986 na hakuwahi kuligusia. Ukimuuliza alikuwa anatoka nje kwenda kuangalia kitu.

Nshomile wa Buza

Mimi ni timu Mjomba. Hiyo ya dawa ya kahawa ina ladha.

Mgambo Mstaafu

Vijana, shikamooni hamnipi lakini nawasamehe.

Mimi nilikuwa mgambo, nimetoka Mara, nikaingia vitani nikiwa na miaka 20. Hiyo hadithi ya pombe yenye sumu nimeisikia Kyaka, nikaisikia Mutukula, na nimeisikia hata Masaka ikisimuliwa juu yetu sisi. Kila kijiji kina babu aliyetia sumu. Tulipovuka mto na kuingia maeneo hayo tulikuta maiti za raia, nyumba zimeezuliwa mabati, zizi tupu. Maiti ya mtu aliyeshika kikombe mimi sikuiona.

Lakini hofu ya sumu ilikuwepo kweli. Tulikuwa na utaratibu: ukiingia mahali pa pombe, mwenyeji anaonja kwanza. Hakuonja, hatunywi.

Mjukuu wa Kilabuni

Shikamoo mzee wangu, tuwie radhi. Asante sana kufika.

Hilo la kuonja, kwa Bibi halikuwa la vita. Kwetu mwenye pombe huonja mbele ya mgeni, ni adabu. Mama alikuwa anasema kipindi kile Bibi alionja mara nyingi mno kwa siku, mpaka jioni anaongea peke yake.

Naendelea. Walivuka Kyaka usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne. Bibi, Babu, watoto watano, mama yangu akiwa na miaka 13, na mbuzi mmoja ambaye hakufika. Wakatembea siku mbili na nusu mpaka Rwamishenye, pembeni ya mji wa Bukoba, kwa kaka yake Bibi. Walifika Alhamisi tarehe 2 Novemba, siku ileile Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Redio ilikuwa moja kwa nyumba kama kumi, watu wamejazana uani. Mama anakumbuka kwamba watu wote walinyamaza, isipokuwa Babu aliyekuwa anaomba maji ya kunawa miguu. Kesho yake, Ijumaa, daraja la Kyaka likalipuliwa. Waliokuwa hawajavuka ikabidi watafute mitumbwi, na Kagera ina mamba na viboko.

Mji wa Bukoba nao ulikuwa unakimbiwa. Wenye nauli wamepanda meli kwenda Mwanza. Wengine wameingia Muleba kwa ndugu. Bibi yeye akafika na wiki hiyohiyo akaanza kuuliza nani ana embire.

Sangara Mkavu

Hapo hapo. Watu wakimbie, Bibi aulizie ndizi!

Mjukuu wa Kilabuni

Ndiyo, na alikuwa na hesabu zake. Kwanza, wakimbizi wana shida ya chakula na yeye ana watoto watano kwenye nyumba ya kaka. Pili, magari ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari, kwa hiyo bia haikufika. Tatu, wenye mashamba ya migomba waliokimbia walikuwa wanauza mikungu kwa bei ya kutupa. Na nne, hii ndiyo nilichelewa kuielewa: usiku hakuna kuwasha moto wala taa. Watu waliogopa ndege, koroboi ilifunikwa kopo. Waliokuwa wanapika gongo walikwama, maana gongo inataka moto usiku kucha. Lubisi haitaki moto. Mtama tu ndio unakaangwa, na huo unaukaanga mchana.

Basi kilabu kikafunguliwa chini ya mwembe wa kaka yake, barabara ya kwenda Kyaka, mwisho saa kumi na moja jioni. Mtumbwi hawakuwa nao, wakakanyagia kwenye pipa lililokatwa nusu. Bibi alisema ile lubisi ilikuwa na harufu ya dizeli mwezi mzima na hakuna aliyelalamika.

Ndipo askari wakaanza kupita. Wengi kutoka mikoa ambayo hawajui ndizi inakamuliwa. Novemba ni msimu wa senene (panzi wa kuliwa), watoto wakawa wanawakaanga na kuwauzia askari kwa kopo. Mama anasema kuna mmoja wa kusini alikula akidhani ni dagaa, alipoelezwa akauliza kama kuna wengine.

Mgambo Mstaafu

Hao senene nilikula. Siwezi kusema huo mwembe niliufikia, tulipita sehemu nyingi na mimi nilikuwa mtoto tu, ninachokumbuka ni matope. Lakini mama mwenye pipa, pale kwenye njia ya kutoka mjini, alikuwepo. Tulimwita Mama Pipa. Kama ndiye bibi yako, basi mimi nina deni.

Mjukuu wa Kilabuni

Mzee, umenitoa machozi ofisini. Mama nimempigia sasa hivi. Anasema ndiyo, Mama Pipa.

Ulikuwa unaitwa nani kati ya hao kwenye daftari?

Mgambo Mstaafu

Sijui alivyoniandika. Meno yangu yalikuwa ya kawaida. Redio sikuwa nayo. Tarime kulikuwa na warefu wengi.

Niwaeleze kwa nini tulikopa, msije mkadhani jeshi lilikuwa la walevi wasiolipa. Mgambo tuliitwa kwa haraka. Mimi nilitoka nyumbani na shati moja, nikapewa mafunzo, nikapandishwa lori. Posho ilikuwa inatufuata nyuma na sisi tunakwenda mbele. Leo uko Bukoba, kesho umeshavuka kwa daraja la muda waliloweka wahandisi wetu pale Kyaka, hujui utarudi lini. Unamwambia mama wa watu, "Andika." Yeye anaandika. Wengine wenye vilabu walikuwa wanadai kitu cha rehani, saa au mkanda. Mama Pipa hakudai.

Halafu tukaenda. Mutukula mwezi wa kwanza, Masaka mwezi wa pili, Lukaya mwezi wa tatu na pale Lukaya niliona mambo. Kampala tarehe 10 na 11 Aprili. Njia kubwa ya hiyo safari ni miguu, wakuu. Watu wakisikia vita wanafikiri vifaru. Mimi nikisikia vita naona kisigino cha mwenzangu aliyekuwa mbele.

Sangara Mkavu

Heshima yako mzee. Ngoja nami niweke ya Mwanza, fupi.

Grosari ya Mama ilikuwa ya bia, si ya kienyeji. Wasiojua biashara ya bia ya zamani: mtaji si hela, mtaji ni chupa tupu. Huna kreti lenye chupa tupu, hupewi lililojaa, hata uje na gunia la noti. Basi vita ilipopamba moto na watu wakichimba mahandaki majumbani, Mama alichimbisha handaki mbili. Moja letu, moja la kreti. La kreti lilikuwa zuri kuliko letu, lilipangwa mabanzi. Baba alilalamika, Mama akamwambia, "Wewe ukivunjika utapona."

Bia ikija inakuja kidogo, kila mteja wa kudumu chupa moja, na unainywea hapohapo, chupa inabaki. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Walibya, waliokuwa wanamsaidia Amin, ilitumwa kuipiga Mwanza, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua swala wengi. Kule grosari watu walicheka siku tatu, maana walikuwa wamejiandaa kufa. Kuna mzee alikuwa anainua glasi, "Kwa ajili ya swala." Mpaka leo kwetu mtu akikosa shabaha tunasema amepiga Saanane.

Binti Kambi

Habari zenu. Nasoma tokea jana, nikawa naogopa kuandika.

Mimi ni wa Masaka. Kiswahili nimekipata kwa baba, alikuwa jeshini zamani kabla ya Amin, akatoka, akafungua baa ndogo mjini. Mjue kwamba kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya bunduki. Watu wamekaa wanakunywa, wanaongea Kiganda kwa sauti, akiingia mtu wa Kiswahili baa yote inanyamaza. Askari wa Amin walikuwa hawakopi, mzee wangu Mgambo. Kukopa ni kuandikwa. Wao walikunywa na kuondoka, na ukifuata unaingizwa kwenye buti la gari.

Nakumbuka pia Novemba ile. Vitu vya kwenu vilifika Masaka: mabati, baiskeli, ng'ombe. Viliuzwa waziwazi na bei ilikuwa ndogo. Baba alikataa kununua bati, Mama akamlaumu kwa sababu paa letu lilikuwa linavuja. Sijui kama alikataa kwa utu au kwa woga, naandika kama nilivyoona.

Februari 1979 wakombozi walipoingia, tulikuwa tumekimbilia kijijini. Tuliporudi mji haukuwepo. Ulivunjwa. Baa ya baba ilibaki kaunta tu, ya saruji. Redio ilikwenda, majokofu yalikwenda. Aliyechukua sikumwona.

Nshomile wa Buza

Dada, sisi hatukwenda kuiba, tulikwenda kukomboa. Tuwe na shukrani.

Mgambo Mstaafu

Kijana, wewe hukwenda popote. Nyamaza.

Masaka ilivunjwa kwa hasira ya Kagera, na aliyekuwepo anajua. Wakubwa walipiga marufuku kuchukua vitu vya raia, na wengi tuliheshimu, na wengine hawakuheshimu. Pole binti. Baba yako alipata tena baa?

Binti Kambi

Alipata. Aliweka turubai juu ya ile kaunta, akauza waragi kwa wakombozi haohao. Alisema hawa angalau wanasema asante. Kiswahili chake kikawa mtaji, watu wakawa wanamfuata awatafsirie.

Mjukuu wa Kilabuni

Dada, karibu sana, na usiogope.

Umenigusa kwenye redio. Katikati ya 1979 askari wetu wakawa wanarudi. Bibi alikuwa amesharejea Bunazi, banda limechomwa, mabati ya nyumba hayapo, mtumbwi umepasuliwa kuni. Akaanza tena chini ya turubai, kama baba yako. Waliorudi walikuwa wanamtafuta kulipa, kwa sababu aliwaambia, "Mkirudi mimi nitakuwa Bunazi." Mmoja alikuwa hana hela, akamletea redio ya kaseti alipe nayo vikombe vinne. Bibi akaigeuza nyuma, akakuta kuna jina limekwaruzwa kwa msumari. Akamuuliza, "Huyu ni wewe?" Yule kijana akanyamaza. Bibi akairudisha, akakata ile mistari minne hivyohivyo. Ndiyo maana "Yule wa redio" amekatwa. Jina lile aliliandika wakati huo, si kabla.

Binti Kambi

Ilikuwa na plasta kwenye mfuniko wa kaseti?

Mjukuu wa Kilabuni

Nimeuliza. Mama anasema hapana, ilikuwa nzima, nyekundu.

Binti Kambi

Basi siyo. Ya baba ilikuwa nyeusi, tena bila kaseti, plasta nimeitaja nione kama utajibu ndiyo. Nisamehe.

Mgambo Mstaafu

Hahaha! Huyu binti wa kambini kweli.

Sangara Mkavu

Mleta uzi, sasa ule mtumbwi? Ulipinduliwa au ulitiwa sumu? Usituache hewani.

Mjukuu wa Kilabuni

Wakuu, nimerudi baada ya siku nne, na nina habari.

Kuna Mama mdogo wangu mmoja hatujawahi kumuuliza. Alikuwa na miaka 9 wakati ule. Ameokoka tangu miaka ya tisini, mlokole wa kukesha, na neno pombe halitamkwi nyumbani kwake. Nikampigia nikamwambia kuna mzee wa jeshini anamkumbuka Bibi kwa jina la Mama Pipa. Akakata simu. Nikajua nimeharibu. Saa tano usiku akanitumia sauti ya dakika kumi na moja. Naandika kama alivyosema, nimepunguza maombi ya mwanzo tu.

"Mwanangu, Bibi yako alikuwa anamfichia Babu yako. Hakuna aliyepindua kitu. Na hiyo sumu ya Mjomba wako, dawa ya kahawa sisi tungeitoa wapi?

"Ilikuwa saa sita mchana. Askari wetu walikuwa wanapita wanarudi nyuma, wamechoka, wana vumbi mpaka kwenye kope. Babu yako akawaita. Akasema hii itaharibika bure, kunyweni. Vikombe tulikuwa tumeshafunga kwenye shuka, wakanywa kwa mikono, wengine kwa kofia ya chuma. Halafu majirani wakaja. Halafu watu wasiojulikana waliokuwa wanapita na ng'ombe. Na Babu yako anaonja na kila mtu, kwa sababu ndiyo adabu. Na sisi watoto tulikuwa na kiu, hakuna aliyekwenda kisimani, tukanywa. Mimi nilikunywa, Mungu anisamehe. Ilikuwa ile ya siku ya kwanza, tamu.

"Tulivuka daraja la Kyaka tumelewa, mwanangu. Familia nzima. Mama yako alikuwa anaimba. Mbuzi alikatika kamba na hakuna aliyejua ni wapi. Lile jiwe la kusagia mtama, la mama yake Bibi, tulilisahau mlangoni, tumelipita tukaliona na tukacheka. Bibi yako peke yake ndiye alikuwa na akili zake, na alimshika Babu yako mkono kutoka Bunazi mpaka ng'ambo. Watu wanakufa nyuma yetu, na sisi tunacheka. Kulipokucha Babu yako akakaa kando ya njia akafunika uso kwa koti. Ndipo Bibi akasema, 'Tutawaambia uliumwaga.'"

Hapo alinyamaza kidogo kwenye sauti, nilisikia saa ya ukutani.

Mama nimempelekea asikilize. Hajanijibu, ila ameuliza ni wimbo gani.

Nshomile wa Buza

Nimekosa la kusema, na mimi si mtu wa kukosa.

Mgambo Mstaafu

Basi hao waliokuwa wanarudi nyuma siku ile nilikutana na wawili wao baadaye. Walikuwa wanasema walipewa pombe na mzee mmoja njiani, na sisi tukawaita waongo.

Binti Kambi

Na kijana anayelia? Mbona hamkumuuliza?

Mjukuu wa Kilabuni

Nilimuuliza. Nilimwambia Mama mdogo kwamba kwenye daftari kuna mmoja ana kikombe kimoja na hajakatwa, nadhani alifia mbele, labda yuko Kaboya, kwenye makaburi ya vita, na mashujaa wenzake.

Akanijibu kwa maandishi safari hii:

"Yule hakufa. Alirudi 1979 akalipa. Akanywa kingine, akasema andika, nitalipa nikija. Mwaka uliofuata akaja akalipa kile, akanywa kingine, akasema andika. Ikawa hivyo kila mwaka, alikuwa anakuja kama Oktoba Novemba. Mimi nilipoolewa 1988 alikuwa bado anakuja. Alikuwa mnene tayari. Bibi alikuwa anafuta kwa kifutio anaandika upya palepale."

Nimelifungua tena daftari dirishani. Pale palipotoboka si mende.